Siku Injini ya Mbao Ilikataa Kuzima Mbele ya Mama Mkwe

Aki, hii aibu nawaambia mara moja tu, na mkinicheka chekeni mkiwa mmekaa. Nani hapa amewahi kuvua nguo mbele ya mama mkwe? Basi niko peke yangu.

Mnajua kile kiwanda changu cha kupasua mbao huku juu ya Nkubu. Injini ni ya dizeli, ndogo, nzee, ukiipelekea gogo polepole inakula, ukiiharakisha inakohoa. Siku hiyo mchumba wangu Kendi akaja na mama yake, na mama akaleta gogo la mti wa muringa aliloachiwa na marehemu mume wake. Harusi alikuwa bado hajaikubali, na nilijua hakuja kuangalia mbao, amekuja kuniangalia mimi. (Na kwetu mama mkwe hukaribii hivi hivi, hata kiti chake hukalii.)

Msumeno ukaingia nusu, injini ikaanza kukohoa. Nikamsikia akimuuliza Kendi, "Na hii ndiyo itakulisha?"

Wueh! Nikachukua ule mpira wa kufungia mizigo kwa boda, nikaifunga gavana isifanye kazi (si yule wa kaunti, ni kile kifaa kinachozuia injini isikimbie kupita kiasi). Mutwiri, mwenzangu wa kazi, akashtuka. "Sasa itasimamishwa na nini?"

"Wewe sukuma gogo!"

Jameni, nguvu niliyoiona! Muringa ulipasuka kama ndizi mbivu, mbao zikaanguka nyekundu na kunukia, ardhi ikatetemeka mpaka kwa magoti, na mimi mwenyewe nikashika kichwa kwa mshangao. Kumbe hii nguvu yote ilikuwa imejificha humu? Nikatabasamu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi hata sikungoja kusifiwa, nilijisifu mwenyewe.

Gogo likaisha, injini ikakosa kazi, ikaanza kukimbia. Moshi mweusi, mlio kama ndege inashuka, mkanda wa kuzungusha msumeno ukachomoka ukapotelea kwa mahindi. Nikavuta kizimio, mpira umekishika! Injini ikaanza kurukaruka ikielekea pale mama alipokaa, na Mutwiri alikuwa ameshafika barabarani.

Dizeli ukiinyima hewa inakufa, hiyo nilijua, lakini nguo ya kuziba tundu lake la hewa ilikuwa moja tu: ovaroli niliyovaa. Ndani yake, kwa sababu ya joto, hakukuwa na la maana.

Nikaivua, nikaisokomeza. Injini ikazima, mpaka nikasikia kuku.

Mama alikuwa amenipa mgongo. Akafungua leso yake, akainyoosha nyuma bila kugeuka. "Jifunike, mwanangu." Mwanangu! Hajawahi kuniita hivyo. Nikajifunga ile leso nikitetemeka kuliko injini.

Tangu siku hiyo gavana siigusi, ikikohoa naingoja imalize. Mama naye alimwambia Kendi njiani, "Hiyo harusi ifanywe upesi. Huyu hakukimbia, na mimi sitaki kuwa nimeona hayo yote kwa mtu wa nje."