Mwalimu Makarius na Diski D

Kompyuta ya Mwalimu Makarius Nizigiyimana ilianza kumtisha mwezi wa nane. Kila akiiwasha, hapo sebuleni kwake Nyakitonto, ilimwonya kwamba mfumo wake umezeeka na hautalindwa tena. Halafu inajizima yenyewe, kama mgonjwa aliyetaka kusema jambo akaghairi.

Humo ndani alikuwemo mama yake. Bibi Ndayikunda alifariki miaka mitatu iliyopita, ila kabla ya hapo mwanawe alimrekodi kwa muda wa saa tisa nzima: walivyovuka kutoka Burundi, nani alizaliwa njiani, nani alizikwa wapi. Hakubaki mwingine anayeyajua hayo. Rekodi zilikaa mahali pamoja tu, diski D, maana Mwalimu haamini simu. Simu huibiwa. Kompyuta ya mezani nani ataibeba?

Basi akaamua kujifunza mfumo mpya mwenyewe. Fundi wa mjini alisema ni kazi ya siku moja, lakini mtu aliyefundisha darasa la nne miaka thelathini na moja atamwachiaje mama yake fundi wa kandambili?

Winnie, binti wa kaka yake, karani huko Kibondo, akapiga simu.

"Shikamoo baba mdogo. Nimekutumia masomo. Ni ya bure, ya Kiswahili, wameandika wenyewe waliotengeneza mfumo. Anza na lile la kuhifadhi nakala."

"Marahaba. Nimeyaona. Muhuri uko wapi?"

"Muhuri wa nini tena?"

"Mwandishi ni nani? Kasomea wapi?"

"Baba mdogo, hiyo ni tovuti!"

"Ndiyo maana nauliza."

Akaenda Kasulu, dukani kwa Nurudini, akapata alichokitaka: kitabu cha fotokopi cha kuweka mfumo mpya, kurasa sitini na nne, kila ukurasa una muhuri wa zambarau. Muhuri wenyewe, ukiusoma vizuri, uliandikwa "Nurudini: Madaftari na Mbolea". Lakini muhuri ni muhuri.

"Kinafaa hiki?"

"Mwalimu, hakuna aliyerudi kulalamika."

"Wamenunua wangapi?"

"Mmoja. Hajaonekana tena."

Wiki mbili Mwalimu alikinakili chote kwenye daftari, pambizo kwa kalamu nyekundu. Hivyo ndivyo alivyofundisha: kilichoko ubaoni kinaingia daftarini kama kilivyo, na mtoto anayeuliza maana yake anapoteza muda wa wenzake. Alinakili namba ya simu ya mwandishi. Alinakili "tazama mchoro", bila mchoro. Kwenye ukurasa wa arobaini mwandishi alionya: "Kwenye kompyuta yangu diski D ni tupu. Yako huenda ina vitu vyako. Hakikisha." Mwalimu aliandika hayo kwa mwandiko wa kupendeza, akayapigia mstari kwa rula.

Jumamosi mchana, wingu likiwa limeinamia mabati, akaanza. Mkewe Immakulata alikuwa mlangoni anachambua maharage. Mwalimu alifuata daftari mstari kwa mstari, kila mmoja akiuwekea alama ya vema. Akafika: "Chagua diski D. Bonyeza Futa Yote."

Mashine ikauliza kama ana uhakika. Daftari lilisema: "Kubali." Akakubali. Ikauliza tena.

"Mbona inauliza mara mbili?" Immakulata akasema. "Hata padri siku ya ndoa aliniuliza mara moja."

"Na ungejibu nini mara ya pili?"

"Ningefikiri kwanza."

"Imma, usinipotezee mstari."

Akakubali.

Kwa saa nzima kompyuta ilinguruma. Kisha ikawaka, nyepesi, inang'aa, haijizimi. Kwa Kiswahili safi ikamwandikia: "Karibu. Tuanze upya. Jina lako nani?"

Mwalimu akacheka hadi machozi. Akaandika jina lake kamili, kwa herufi kubwa.

"Imma! Acha hayo maharage, njoo umsikilize mama. Leo hakatiki!"

Immakulata akafuta mikono kwenye kitenge, akavuta kigoda, akasogeza sikio karibu na spika. Mwalimu akashika kipanya, akaifungua diski D.