Mbwa mzee wa Villawood amsubiri Mama Nabintu

Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Julai imeikalia barabara ya viwanda pale Villawood, kitongoji cha Sydney, Australia. Nyuma ya karakana ya matairi, Chibalonza anafungua bomba, anakunja mikono ya sweta na kuanza kuwasalimia wenyeji wake mmoja mmoja. "Umeamuka? Wewe ulibweka sana, benzako balilala namna gani?" Mbwa mweusi aliyeulizwa anatikisa mkia bila kutoa maelezo.

Hiki ni kituo kidogo cha kuokoa wanyama. Wanaletwa mbwa waliotelekezwa, paka waliookotwa kwenye maghala, na mara moja aliletwa bata ambaye hakuna aliyejua ni wa nani. Kazi ya Chibalonza, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, ni kuosha vizimba, kulisha, kuwatoa nje wakanyooshe miguu, na kuwasemesha Kiswahili cha kwao Kongo mchana kutwa, kazi ambayo hakuna aliyempangia.

Leo mikono yake ina haraka isiyo ya kawaida. Anaosha palipokwisha kuoshwa, anachungulia saa ya ukutani, anaosha tena. Saa nne mama yake mzazi, Mama Nabintu, atakuja kumwona Rufus, mbwa wa kizimba cha mwisho, ambaye Chibalonza anataka kumchukua awe wake. Mama akikataa, Jumamosi Rufus ataondoka na familia nyingine kutoka Newcastle, mji ulio kaskazini mwa Sydney.

"Bale batu ni bazuri," anasema, akimaanisha hao wa Newcastle. "Siwezi kubasema vibaya. Njo maana inaniuma."

Rufus ni mkubwa, wa rangi ya kahawia, mdomo umeota mvi na miguu ya nyuma imechoka. Bwana wake wa kwanza alikuwa mzee aliyehamishiwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mahali ambapo mbwa hawapokelewi. Tangu mwaka jana watu wanasimama mbele yake, wanasema maskini, kisha wanakwenda kuchagua watoto wa mbwa.

Chibalonza anazijua nyumba hizo za wazee, maana alipofika Sydney miaka kumi na moja iliyopita ndiko alikoanzia kazi. Anamkumbuka bibi mmoja aliyemuuliza kila asubuhi kama mbwa wake ameshakula. Mbwa huyo alikuwa amekufa zamani. Chibalonza akawa anamjibu kwamba amekula, amemaliza, na amelala juani. "Nilikuwa nasema bongo kila siku na sikutubu," anasema, akimaanisha uongo.

Ukitaka kumwona anachangamka, muulize habari za Walungu, kusini mwa Bukavu, alikozaliwa. Baba yake alikuwa fundi baiskeli, na nyumba yao haikukosa mbwa hata siku moja. Lakini kwao mbwa hakupewa jina la kumpendezesha. Alipewa jina la kumfikishia jirani ujumbe.

Baba yake alipogombana na mtu wa jirani juu ya mpaka wa shamba, hakwenda kupiga kelele. Alipata mbwa mpya akamwita, kwa Kimashi, lugha ya kwao, jina ambalo kwa Kiswahili ni Sikukuuliza. Kila jioni akawa anasimama uani na kuita kwa sauti ya kutosha nyumba tatu: Sikukuuliza, rudi nyumbani! Jirani naye hakuwa mjinga. Baada ya msimu mmoja alileta mbwa wake, akampa jina la Nani Alisema Nawe, na jioni za mtaa ule zikawa na mazungumzo.

Chibalonza anacheka hadi anaegemea ufagio. "Baliongea mu midomo ya mbwa miaka mingi, hakuna aliyepiga mwenzake hata kofi. Na siku mama alijifungua mdogo wangu, ule jirani njo alikuja wa kwanza na kuku."

Kicheko kinakwisha taratibu. Vita vilipowafikia, watu walitoka na nguo walizovaa. Mbwa walibaki. Hapendi kulisimulia hilo na hapendi kuulizwa mara mbili. Miaka waliyokaa kambini Uganda hawakufuga kitu, na alipopata nyumba ya kupanga huku Fairfield, yenye ua nyuma, wazo lake la kwanza lilikuwa mbwa.

Basi akaja kwenye kituo hiki akiwa mteja. Taratibu zao ni kwamba kabla hujapewa mnyama, mtu wa kituo anakuja kuikagua nyumba yako na kukuuliza utamtunza vipi. Chibalonza alijiandaa kama anayepokea wakwe. Alipigilia kwa mkono wake kibanda cha mbao uani, akakiezeka bati. Alinunua mnyororo mpya, mzuri, unaong'aa. Akapika na chai.

Mgeni alipouliza mbwa atalala wapi, alijibu kwa fahari: nje, kwenye nyumba yake, wala hatatia mguu sebuleni. Mchana? Mchana atafungwa, ili wageni wapite kwa amani. Atakula nini? Bugali iliyobaki, na mifupa ya kuku wakipika. "Nilimuonesha kila kitu na furaha," anasema. "Kwetu hiyo njo mbwa ya tajiri. Iko na nyumba yake peke yake, iko na mnyororo ya dukani, inakula kile batu banakula."

Alikataliwa. Mgeni alikuwa Lorraine, msimamizi wa kituo mpaka leo, na mwenyewe anakiri aliondoka pale amekunja uso. Anasema aliona mnyororo tu, hakumwona mwanamke aliyekesha akipigilia mbao kwa ajili ya mbwa ambaye hajapata hata kumwona.

Wengi wetu tungenuna na kuwasema watu hao mtaani mwaka mzima. Chibalonza alinuna wiki moja, kisha akapanda basi hadi Villawood. "Nikamuambia: kama mbwa haiwezi kuja kwangu, basi nipe kazi, mimi nikuje kwake." Lorraine alikuwa na upungufu wa wafanyakazi, akamwandika. Mshahara ulikuwa mdogo kuliko ule wa nyumba ya wazee, lakini Chibalonza alishika ufagio na hajauachia.

Leo familia za Kiafrika zinazotaka mnyama zinapitia kwake kwanza. Anawaeleza pole pole kwamba huku mbwa analala ndani, kwamba mifupa iliyopikwa inaweza kumtoboa tumbo, kwamba mnyororo uachwe dukani. Anawaeleza bila kuwacheka, maana naye alikuwa huko.

Mmoja wao ni Mwanakheri, mhasibu kutoka Tanga anayefanya kazi katikati ya jiji. Yeye alikuja kutafuta paka, na nyumbani kwake kilio kilikuwa kingine kabisa: mwanawe Nassor, mwenye miaka minane, anaelewa Kiswahili chote lakini kila kitu anajibu kwa Kiingereza.

"Dada Chiba akamwambia, paka huyu amelelewa hapa kwa Kiswahili, lugha nyingine haijui," anasimulia Mwanakheri. "Basi siku hizi asubuhi nasikia huko chumbani: njoo hapa, usikimbie, mbona husikii wewe, unataka nini tena. Maneno yangu yaleyale, na sauti yangu. Mimi nalijibiwa Kiingereza na mpaka leo najibiwa Kiingereza. Lakini nikisimama nyuma ya mlango namsikia marehemu bibi yangu."

Watu wa namna hiyo wanampigia simu Chibalonza, wanamtumia picha za mbwa juu ya makochi na paka ndani ya masinki. Anazitazama zote na anafurahi kweli. Lakini yeye mwenyewe, aliyewapatia wenzake wanyama, nyumbani kwake hakuna hata paka. Kizuizi ni Mama Nabintu.

Mama Nabintu ana miaka sabini na minne na ana hoja. Kwake, mbwa ni wa mtu aliyefika anakokwenda, na yeye hajafika. Iko siku atarudi Walungu. Ndiyo sababu ua wa nyuma unajaa lengalenga, yaani mchicha, na maharage, vitu vya msimu mmoja, lakini mche wa parachichi alioletewa na waumini wenzake aliugawa. Alisema hapandi mti ambao matunda yake atakula mwenye nyumba.

Kibanda cha zamani alikivumilia kwa sababu kilikuwa nje. Mbwa wa ndani ni habari nyingine. Mwenye nyumba ameshakubali, wajukuu wamefurahi, lakini kituo hakitoi mbwa mpaka kila anayeishi ndani ya nyumba aje kuonana naye, na kwa wiki nzima Mama Nabintu amekuwa na mafua, maombi na maumivu ya goti, kwa zamu.

Saa nne kasoro anaingia. Amevaa kitenge cha Jumapili na ameukumbatia mkoba. Anaongozana na mjukuu wake Yvette, maana shule zimefungwa. Anaonyeshwa benchi kwenye uwanja mdogo wa nyasi, anakaa mwisho kabisa wa benchi, kama mtu aliyepitia tu kuuliza njia.

Chibalonza anamleta Rufus. Mbwa anatembea kwa mwendo wake, ananusa viatu vya bibi, haruki, halambi mtu. Yvette anamnong'oneza bibi yake, anayemwita Koko, kwamba mbwa ni mzee tu: "Koko, he's just old." Mama Nabintu anamtazama mbwa, ambaye ameamua kulala. Si jambo dogo kwake. Anashusha upande mmoja, miguu inakataa, anasimama, anajaribu tena, na hatimaye anajiachia chini kwa mguno.

"Pole," anasema Mama Nabintu. Limemtoka kabla hajajua.

Lorraine, aliyesimama kando yao, kwa nia njema anaanza kuwasifu watu wa Newcastle ili bibi asijione amelazimishwa: ua mkubwa, watoto wawili, watu wapole. Chibalonza anatafsiri kila neno, ingawa kila neno linamchoma.

Mama Nabintu anasikiliza hadi mwisho, kisha anauliza. "Na muchana inabaki na nani?"

Lorraine anaeleza kwamba wazazi wote wawili wanafanya kazi na shule zikifunguliwa watoto watashinda huko. Atakuwa peke yake, lakini ndani, pana joto, na watarudi jioni.

"Peke yake," anarudia Mama Nabintu. Anaufungua mkoba, anaufunga. "Kushinda na ukuta, ile kazi minaijua. Unazima televisheni, unawasha televisheni. Unaenda ku dirisha, gari ya posta inapita. Unarudi. Unasema neno moja tu, juu usikie kama sauti ingali iko."

Chibalonza hatafsiri. Anamtazama mama yake, mdomo wazi. Miaka kumi na moja amekuwa akitoka nyumbani alfajiri na kurudi alasiri, akimwachia bugali kwenye sufuria na dawa mezani, akijua amemtunza. Hakuwahi kusikia hata neno moja kuhusu mambo haya. Anachuchumaa pale kwenye nyasi, kati ya mama na mbwa, na anajifuta uso kwa mkono wa sweta.

"Mama, ju ya nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ufanye nini? Uache kazi?" Mama Nabintu hana hasira. "Usilie mbele ya wazungu. Nyamaza. Huyu muzee analala wapi?"

Masharti yanafuata, na Lorraine anatafsiriwa yote. Rufus hataingia jikoni chakula kikiwa motoni. Hatapanda kitanda cha mtu. Ngazi za uani zimwekewe ubao wa kupandia, maana miguu ile haitaziweza, na bibi naye hana nguvu ya kumbeba. Na ieleweke kwamba yeye shauri lake halijabadilika.

"Mimi nitarudi kwetu," anasema. "Hata mu sanduku, banirudishe. Lakini huyu atakwenda mbele yangu, sote tunaona. Wacha aende akiwa na mtu pembeni."

Anainama kwa shida, anaweka vidole viwili juu ya kichwa cha Rufus, anaviondoa, anaviweka tena. Mbwa anaendelea kulala. Yvette ameinua simu apige picha, bibi anamkataza, kisha anatengeneza kilemba chake na kumruhusu.

Watu wa Newcastle wamepigiwa simu na wameahidiwa mbwa mwingine. Chibalonza amepanga kuanza kukutana na familia mpya kila mwisho wa mwezi kwenye ukumbi wa kanisa lao Fairfield, awaeleze mambo ya ukaguzi mapema, asirudi mtu nyumbani na aibu aliyoipata yeye. Wakati huo huo anatafuta mbao za ngazi.

Lakini akiulizwa anatarajia nini hasa, hataji kituo wala ukumbi. Anakunja bomba, anafikiri.

"Kila siku nafungua ule mulango, nakuta kimya, nasema Mungu asante, mama iko inapumuzika," anasema. "Sasa nataka kitu moja. Niwe ningali ku barabara, sijafika hata ku geti, nisikie mama anagombeza mtu."