Jina Langu Katika Wimbo wa Emilian

Mume wangu Emilian ni mwanamuziki. Nikisema hivyo watu wa Tabora wanauliza yuko bendi gani. Nikijibu hana bendi, ana gita kavu na mdomo wake basi, wananitazama kwa huruma utadhani nimefiwa. Miaka ishirini na mitatu baba wa watu anatunga mwenyewe, anaimba mwenyewe, na bado kuna jirani anayeniuliza ataanza kazi lini. Nimechoka kujibu.

Kwao ni Ulyankulu, kwa wale waliotoka Burundi, na baba yake alikuwa katekista. Gita alijifunzia kanisani. Mimi alinikuta stesheni ya Igalula nauza karanga, yeye yuko safarini kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, anawaimbia abiria. Akashuka kununua karanga, maneno yakamnogea, treni ikaondoka na begi lake. Gita tu ndilo lilibaki mgongoni. Siku tatu alizokaa pale kusubiri treni nyingine ndipo alipotunga wimbo wa Dafrosa. Dafrosa ni mimi. Jamani, wimbo ule! Unaanza chinichini, halafu jina linapandishwa juu na kushikiliwa hukohuko mpaka unasahau karanga zinaungua. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, ningekataaje?

Dar alienda, akarudi. Wenye studio walimtaka aongeze midundo, apunguze maneno, avae miwani ya jua. Thubutu! Kichwa ngumu yule. Akarudi na viatu vya mtu mwingine, tukafunga ndoa.

Kilichotulisha ni harusi. Tumbaku ikishauzwa, kule Urambo watu wanaoana kila Jumamosi, na mshereheshaji anataka bibi harusi aimbwe kwa jina, la sivyo hakuna anayeinuka kutuza. Harusi ya kwanza aliyoitwa kuimba ilikuwa Isikizya, bibi harusi anaitwa Najiat. Siku moja kabla, Emilian akanijia anakuna kichwa. Hana wimbo wa Najiat. Je, anaweza kutia jina la Najiat mahali pa langu, siku hiyo moja tu?

Nikacheka. "Tia bwana! Kwani mimi nitapungua?"

Nilijitakia mwenyewe. Baada ya Najiat akaja Yasmini, akaja Recheli, akaja Esperansi, wakaja wengine mpaka nikaacha kuuliza. Anaandikiwa jina kwenye kikaratasi, anakibana chini ya nyuzi juu ya shingo ya gita, akifika mahali pake anatupa jicho. Na nyumbani, tangu binti yetu azaliwe, mimi ni Mama Mukeshimana. Yeye ananiita hivyo, majirani hivyo, mawifi hivyo. Ukitaka kusikia Dafrosa, subiri nitakapoitwa kwenye foleni ya zahanati.

Mwaka jana sauti ikaanza kumkatika. Daktari akasema koo limechoka, apumzike, na hata akipumzika asitegemee irudi ilivyokuwa. Hapo nilishtuka. Nyimbo zake zote ziko kichwani mwake na kwenye simu za watu wa harusi.

"Baba Mukeshimana," nikamwambia, "kabla hujanyamaza, nirekodie wimbo wangu. Na jina langu ndani. Sitaki kingine kwako."

Akasema sawa. Alisema sawa mara nne, na mara zote nne harusi ikaingilia.

Mwezi wa nane Omari, fundi redio mwenye chumba cha kurekodia pale Isevya, akatupatia asubuhi moja. Emilian alifika moja kwa moja kutoka harusini Urambo, suti ileile, macho mekundu. Mimi nimesuka, nimevaa kitenge kipya. Mtu mzima mimi! Nikaketi juu ya kreti la soda. Omari akaomba kimya, akawasha mitambo.

Sauti ilikuwa inakwaruza, lakini ipo. Emilian alifumba macho, vidole vinajiendea vyenyewe. Jina likawa linakaribia, nikajishika magoti. Akafumbua macho, akatupa jicho kwenye shingo ya gita. Hapakuwa na karatasi. Vidole vikaendelea kupiga, mdomo uko wazi. Kisha akamgeukia Omari, akauliza kwa upole tu, kama anavyowauliza washereheshaji:

"Bibi harusi anaitwa nani?"

Omari alicheka mpaka akashika ukuta. Emilian akaniona pale kwenye kreti, uso ukamshuka.

"Mama Mukeshimana, nisamehe. Nimechoka. Sijui hata niko wapi."

"Najua," nikasema. Nilijua kweli, wala sikuwa na hasira. Ingekuwa afadhali hasira. "Imba."

Akarudia mwanzo. Safari hii Dafrosa likatoka, likapanda, likashikiliwa juu bila kutetemeka. Omari akasema imetoka safi kabisa. Ndiyo, imetoka safi. Lakini Najiat nilimsikia akiimbwa hivyohivyo, na Recheli, na wale wote, kwa uzuri uleule. Nilikaa nikisubiri kitu kinishike rohoni. Wapi!

Binti yetu ameuweka wimbo kwenye simu yangu. Kila akija ananiuliza mbona hanisikii nikiupiga. Namwambia simu haina chaji.