Plasta kwenye kinanda: mwalimu wa kwaya alivyonificha nota miaka mitatu

Wakuu, salamu kwenu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, chumvi sijatia. Na niseme mapema, hasira haijaisha.

Ni Iguguno, zile enzi za ruksa, vitu vya nje vinamiminika. Kwaya yetu ikauza alizeti, ikanunua kinanda cha betri Singida mjini. Nikachaguliwa kujifunza kupiga.

Mwalimu wa kwaya akabandika plasta kwenye vile vibao vya kubonyeza, plasta za kidonda kabisa, akaandika d, r, m, f, yaani do, re, mi, fa, mpaka mwisho.

"Fuata herufi, binti. Muziki ndiyo huo."

Nikafuata miaka mitatu. Kila wimbo napigia palepale kwenye plasta. Waimbaji wakilalamika wimbo uko juu, koo zinawabana, mimi ningejuaje kuushusha?

Ikatoka nafasi ya kwenda kusomea muziki, interview Kiomboi. Wakuu, niliitaka ile nafasi kuliko kuolewa.

Nakuta piano haina plasta hata moja! Mbele yangu karatasi ya mistari mitano yenye vidoa vyeusi, kumbe ndizo nota zenyewe. Nikabaki natafuta do. Wenzangu wakacheka, nafasi nikaikosa.

Msimamizi akauliza nani alinifundisha. Nikamtaja.

"Yule? Mbona nota anazisoma vizuri tu, tulisoma wote."

Nikarudi mpaka kwake.

"Shikamoo mwalimu. Kwa nini hukunifundisha nota?"

"Marahaba. Ningekupa zote, mimi ningebaki na nini?"

Hata aibu hana! Nikaenda kanisani, nikabandua plasta zote kwa kucha. Kwaya ikanisimamisha.

Nota nilijifunza mwenyewe kwa kitabu cha mtumba, piano nimeichora kwa mkaa juu ya meza ya mama. (Mama alinitukana Kinyiramba, siandiki hapa.)

Sasa nafundisha watoto piano kwangu. Mwaka jana nani kapiga hodi? Yule mwalimu, na fimbo yake ya uzee, na mjukuu.

"Mfundishe huyu. Usimfiche kitu."

Usimfiche kitu! Yeye!

Nilitaka kumfukuza. Lakini mtoto ana kosa gani? Nikamkalisha kwenye piano, nikaanza na mistari mitano siku hiyohiyo. Babu nikamwambia akae benchi asikilize yote. Alikaa mpaka mwisho, macho chini.

Funzo: ukijua kitu, fundisha kizima. Kwaya yake leo inaimba bila mpiga kinanda.

Nani mwingine kafichwa ujuzi? Mwageni hapa. Na kama wewe ndiye uliyeficha, jitokeze tukuseme vizuri.