Chai ya Mwituni, Bila Sukari

Wewe unayenisikiliza, kama umezoea chai ya maziwa yenye tangawizi, nivumilie kidogo. Nataka kukueleza chai ambayo pengine hutaionja maishani mwako. Nitakwenda polepole, kwa sababu nilipomweleza mama mkwe wangu nilieleza vibaya, na mpaka leo harufu yake ikinifikia moyo hunisuta.

Chai yenyewe ilitoka China. Mume wangu ni dalali wa madini huko Tunduru, na kwetu mjini, Lizaboni, huja kwa nadra. Mnunuzi mmoja Mchina aliyefanya naye kazi kwa muda mrefu alimpa zawadi ya chai iliyogandamizwa ikawa duara kama chapati nene, imefungwa kwa karatasi laini, pamoja na vikombe viwili vidogo vya udongo. Alimwambia kwamba majani yale hayakupandwa na mtu. Yanachumwa kwenye miti mirefu inayojiotea milimani, mchumaji anakwea kama anayefuata mzinga wa nyuki, na anachoshuka nacho ni kidogo sana. Juu ya asili yake najua hayo tu. Mengine nilifundishwa na ulimi wangu.

Kuiandaa si kazi ngumu, usiogope. Unamega kipande kama ncha ya kidole gumba, unakisuuza kwa maji ya moto, unayamwaga hayo, kisha unaanza. Haichemshwi jikoni. Majani yanakaa ndani ya maji kwa muda wa kuvuta pumzi chache, unamimina, unakunywa, halafu unarudia kwa majani yaleyale. Jani likiwa kavu linanukia kama unapopita karibu na bani, kibanda cha kukaushia tumbaku, moto ukiwa umeshazimwa: moshi wa mbali, na chini yake kitu kama matunda ya masuku yaliyokaushwa juani. Likilowa, linatoa harufu ya msitu baada ya mvua. Kikombe cha kwanza hakina makali. Cha pili na cha tatu ni vichungu, uchungu unaokaa pande zote za ulimi, na wengi hukunja uso wakaishia hapo. Ukisubiri, uchungu unaondoka, na nyuma yake, kooni, unakuja utamu ambao hukuutia wewe. Mdomo unabaki wa baridi kama umekunywa maji ya chemchemi. Vikombe vya mwisho ni vipole kabisa. Ukitia sukari, utamu ule wa kooni husikii tena, ndiyo maana haitiwi.

Mimi ni mwalimu, na nikishapenda kitu siwezi kukaa nacho bila kumweleza mtu.

Mama mkwe wangu anaishi Lusewa, analima mahindi na tumbaku. Tangu baba mkwe alipofariki yuko peke yake, na magoti yamemkataa. Tulimwomba kwa muda mrefu ahamie kwetu mjini. Alikuwa akijibu inshallah, kwa namna ambayo ulijua haji. Halafu siku moja akakubali kuja kukaa wiki moja, aone kama ataweza. Mume wangu alinipigia simu kutoka Tunduru akaniambia nimpokee vizuri, kwamba akipapenda atabaki. Kazi yote niliachiwa mimi.

Alifika kabla ya adhuhuri na mfuko wa karanga. Nilimwamkia, nikampokea mzigo, nikamuuliza kama amekula. Akasema amekula njiani. Mgeni gani husema hajala? Maharage yalikuwa bado jikoni, na mimi nilikuwa na hamu ya kumpa kitu bora kuliko vyote vilivyokuwa ndani ya nyumba. Nikamwambia kuna kitu tumemwekea.

Nilipofungua karatasi alichukua jani moja akalinusa, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha.

“Tumbaku ya daraja hili wanunuzi wangeturudishia,” akasema, tukacheka.

Nikamimina. Alikunywa kidogo, akaangaza macho mezani. Nikaelewa anatafuta sukari, nikamwambia hii haitiwi kitu.

“Niimalize yote?” akauliza.

“Yote, mama. Ila usimeze haraka. Itulize kwanza mdomoni.”

Akamaliza. Nikamimina tena.

“Ni mara ngapi?”

“Mpaka mara saba, hata nane. Mwanzoni ni chungu, lakini ukivumilia utaanza kujisikia vizuri hapa.” Nikagusa koo langu.

Akashusha kikombe. “Na mwanangu anajua?”

“Anajua, mama. Si ndiye aliyeileta? Alisema tukuwekee wewe.”

“Alhamdulillahi,” akasema taratibu, akaninyooshea kikombe.

Sijawahi kupata msikilizaji kama yule. Nilimweleza milima ya China, miti isiyopandwa, watu wanaokwea kuchuma, jinsi majani yanavyofanya kazi kidogokidogo kila yanapomwagiwa maji. Hakunikatiza hata mara moja. Alikunywa mpaka kikombe cha mwisho, na mimi moyoni nikasema huyu atabaki. Chakula kilipoiva alikula matonge machache, akasema ameshiba.

Asubuhi aliniambia hajalala, moyo ulikuwa unamwenda mbio. Nikamwambia ni ugeni wa kitanda. Mimi ninayeeleza kila kitu sikuwaza kwamba ile ni chai kali, na kwamba mtu aliyetoka Lusewa alfajiri alikuwa ameinywa tumbo likiwa tupu. Akasema amekumbuka shughuli nyumbani, lazima arudi leo hii. Nilimsihi, hakukubali. Stendi alinishika mkono, hakuuachia mpaka abiria wote walipokwisha kupanda.

“Umenihudumia bila kunitisha,” akasema. “Mungu akulipe.”

Nilidhani ananishukuru kwa chai.

Siku chache baadaye wifi yangu, dada yake mume wangu anayeishi hukohuko Lusewa, alinipigia simu. Hakunisalimu.

“Wifi, mama anaumwa nini? Mbona mnatuficha?”

Nikamwambia mama haumwi.

“Haumwi? Amegawa mbuzi. Amemwita kila mtu amwombe radhi. Anasema ulimpa dawa ya Kichina, chungu, ya kikombe cha kipimo, mara nane, na kaka anajua.”

Wewe nawe fikiria. Kwetu chai ina sukari, na ina kitu cha kutafuna pembeni. Mtu akisema amekunywa chai, anamaanisha amefungua kinywa. Kitu cha majani, kichungu, kinachotolewa kidogokidogo kwenye kikombe kidogo na mtu anayekuhimiza umalize, kina jina moja tu: dawa. Na dawa usiyotajiwa ugonjwa wake ni ya ugonjwa usiopona. Maelezo yangu ya mlimani na miti ya mwitu hata mganga angeyatoa vilevile. Nilimweleza kila kitu juu ya chai ile isipokuwa kwamba ni chai.

Jumamosi nilipanda basi la Lusewa. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka nje, anapukuchua mahindi. Nilipiga magoti nikamweleza. Mara ya kwanza hakuelewa. Mara ya pili alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

“Kwa hiyo mimi nimekunywa chai nikaaga dunia?”

Wifi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema mbuzi wake harudishi, yeye alipewa na marehemu. Mama akacheka zaidi. Nami nilicheka, kwa sababu wao walikuwa wanacheka, lakini nilikuwa nahesabu moyoni usiku aliolala akijua anakufa, na mimi wakati huo niko Lizaboni najisifia mgeni wangu alivyoipenda chai.

Walipotulia nikamuuliza kama sasa atarudi nami mjini. Aliendelea kupukuchua kwanza.

“Mwanangu, usiku ule nilijiuliza nizikwe wapi na nife wapi,” akasema. “Nyumba yako sikuiona. Niliona hapa. Kama nisingeinywa hiyo chai yenu ningehamia kwenu tu, niwaridhishe. Sasa siwezi tena kujidanganya.”

Nililala kwake siku mbili, nikamchotea maji, nikaona kisima kilivyo mbali na magoti yake yalivyo, kisha nikarudi peke yangu.

Mume wangu anasema si kosa langu, kwamba mama angekataa hata hivyo, na kwamba afadhali amesema la moyoni. Huenda ni kweli. Lakini alikuwa amefunga mizigo ya wiki nzima, na alikuwa tayari kujaribu. Mimi ndiye niliyempeleka mpaka mlangoni mwa kaburi kwa furaha zangu, na alichokiona pale hakiwezi kufutwa kwa kuomba radhi. Nikifungua bomba asubuhi namfikiria na ndoo yake.

Chai bado ninayo nusu duara. Siwezi kukudanganya kwamba nimeiacha. Huinywa nikiwa peke yangu, na ladha yake haijapungua hata kidogo, jambo ambalo nalo linanisumbua.

Ikitokea ukaipata, usiogope uchungu wake, na usione haya kumkaribisha mtu. Utaweza kuiandaa vizuri kabisa, na ukikosea mara ya kwanza, majani yaleyale yatakupa nafasi nyingine. Ila fuata utaratibu huu. Mgeni akifika, mpe chakula kwanza, hata akisema amekula njiani. Akishashiba, weka vikombe mezani, mwangalie usoni, mwambie: “Hii ni chai tu, na ukiichoka iache.” Subiri akujibu. Ndipo umimine.