Vumbi Nililompelekea Mke Wangu

Nimekuwa fundi breki hapa Mikumi kwa zaidi ya miaka thelathini, na leo nikilikumbuka vumbi la kazi hiyo, mate hunijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika. Sitii chumvi. Juzi nilipita gereji ya jirani nikamwona fundi mwenzangu amechuchumaa mbele ya gurudumu la lori lililofunguliwa, anapuliza uchafu kwa mpira wa kompresa, kichwa chake kimepotea ndani ya wingu la kijivu. Alipomaliza akalamba midomo. Nikageuka, nikatema mate kando ya barabara.

Asiyeijua kazi hii nimweleze. Malori yanayoshuka milima ya upande wa Iringa hufika kwetu breki zikinuka kuungua. Upande wa Kidodi yanakuja ya miwa, yamebebeshwa mpaka yanalia. Ukifungua gurudumu, ndani ya dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, unakuta unga mwingi, mwepesi kuliko unga wa sembe. Unga huo ni laini za breki zilizosagika. Laini ni lile gamba gumu lililopigiliwa kwenye chuma cha breki, ndilo linalobana dramu mpaka gari lisimame. Dereva akikanyaga, gamba linaliwa kidogo. Akikanyaga tena, linaliwa tena. Mabaki yote yanajikusanya mle ndani, yanamngoja fundi.

Kazi nilijifunzia Kilosa mjini, si mbali na stesheni ambako babu yangu aliletwa na kibarua cha reli. Fundi aliyenifundisha alikuwa na msemo wake: "Fundi asiye na vumbi ni karani." Tuliuchukulia kama dini. Tulipuliza dramu bila kitambaa puani. Laini mpya ikiwa nene tuliisaga kwa grainda, vumbi lake tukalipokea usoni. Mchana tulikula wali na maharage palepale, sahani juu ya tairi, na ukiangalia vizuri uliona wali una utando wa kijivu juu kama umenyunyiziwa pilipili manga. Tulikula. Jioni nikipenga kamasi inatoka nyeusi, na mimi, mpumbavu, naiona ndiyo hati yangu ya ufundi.

Mke wangu nilimtoa Rudewa, katika ukoo wa watu waliokuja zamani kukata mkonge. Sijapata kuona mtu msafi kama yule. Uwanja wake ulifagiwa kabla ya jua kutoka, na sufuria zake ungeweza kujitazamia. Ovaroli yangu alikuwa haiweki majini ikiwa na vumbi, kwa sababu, alisema, inageuza maji kuwa matope. Kwanza aliikung'uta. Aliishika mabegani kwa mikono miwili akaipiga ukutani nyuma ya nyumba, pa, pa, pa, na mtoto yuko mgongoni. Wingu likapanda. Yeye akajifuta pua kwa pindo la khanga, akaendelea. Mara mbili kwa wiki, miaka yote hiyo. Nami nilikaa kibarazani nanywa chai, namtazama, najiona nimeoa.

Kuna jambo jingine ambalo nalisema kwa shida. Laini zilizokwisha tulikuwa tukizing'oa na kuzitupa. Siku moja nikaona kipande kimoja kina mkwaruzo mzuri kama jiwe la kusugulia visigino. Nikampelekea. Akakipenda. Akakitumia kwa visigino, na kingine akasugulia masizi ya sufuria. Majirani walipoona miguu yake wakataka na wao. Nikawa nagawa. Mama mkwe nilimpelekea Rudewa vipande viwili, nimevifunga vizuri kwenye gazeti, na akanibariki kwavyo.

Miaka ilikwenda, watoto wakakua, wakaoa na kuolewa. Kisha tukiwa shambani kwetu Chanzuru, tunavuna mahindi, mke wangu akaweka kiroba chini katikati ya njia. Hakuwa mtu wa kuweka mzigo chini.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Pumzi," akasema. "Imekatika tu. Tangulia, nakuja."

Sikutangulia. Nilikaa naye chini, nikasikia anavyovuta hewa, kama mtu anayenyonya mrija ulioziba. Akaniambia kwamba ubavu wa kulia ulikuwa ukimuuma tangu kabla ya masika, na kwamba hakutaka kunisumbua.

Zahanati walimpima kifua kikuu, hakikuonekana. Wakampa dawa za kikohozi, hazikusaidia, wakatuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Huko picha ilionyesha maji yamejaa upande mmoja, nje ya pafu. Walimchoma sindano katikati ya mbavu, wakayatoa. Mimi nilishika mkono wake na macho yangu yakatazama chupa. Maji yale yalikuwa na rangi ya chai iliyoingiwa na damu. Baada ya siku chache yakarudi. Wakayatoa tena, wakakata na kinyama cha kwenda kupima.

Daktari aliyetupa majibu alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa pili. Alituamkia, "Shikamooni wazee," tukaitikia, akavuta kiti akakaa karibu na mke wangu, si nyuma ya meza. Akasema ni saratani ya ule utando unaofunika mapafu. Kisha akamuuliza mke wangu kazi aliyoifanya maishani.

"Mkulima," mke wangu akasema. "Na mama wa nyumbani."

"Mliwahi kuishi kwenye nyumba ya mabati ya asbesto? Yale mazito, ya kijivu?"

"Hapana. Tumeanzia nyasi, tukaja bati la kawaida."

Daktari akanigeukia. "Na wewe, mzee?"

"Fundi breki."

Daktari aliandika hilo. Kisha akauliza swali ambalo sijawahi kulisikia kwa mtu yeyote. "Nguo zako za kazi alikuwa anafua nani?"

Nikamweleza. Akaniambia kwamba laini nyingi za breki, hasa za zamani, zilitengenezwa kwa kuchanganywa na asbesto, madini yenye nyuzinyuzi, na kwamba hata sasa zipo zinazouzwa nazo, na kwa macho huwezi kuzitambua. Nyuzi zake ni nyembamba kuliko unavyoweza kuona. Zikiingia kifuani hazitoki. Zinakaa humo miaka ishirini, thelathini, hata zaidi, kabla hazijaleta ugonjwa.

"Kwa hiyo ni mimi," nikasema.

"Siwezi kuapa kwamba ni nguo zako, mzee. Hakuna kipimo cha kuniambia hivyo. Lakini umeniuliza, na sina sababu nyingine ya kukupa."

Mke wangu akasema, "Mimi nilijua ni uchafu. Nilidhani ni uchafu wa kawaida."

Niliporudi gereji nilisimama mlangoni nisiingie. Miaka yote nilikuwa naingia pale kama mtu anayeingia sebuleni kwake, na siku hiyo nikapaona: vumbi juu ya boriti, vumbi kwenye kikombe changu, kwenye kalenda, kwenye mkate ulioachwa kwenye kabati la spana. Nikakimbilia nyuma nikatapika. Kisha nikaenda duka la vipuri nikamwuliza muuzaji laini zake zina nini ndani. Akageuza boksi huku na huku. Halikuandikwa chochote zaidi ya saizi na aina ya gari.

"Zinashika vizuri, mzee," akasema. "Unataka nini zaidi?"

Mafundi wenzangu nao walicheka. Mmoja, tuliyeanza naye kazi, alijipiga kifua. "Mimi nimelila hili vumbi kuliko wewe. Nitazame! Mkeo ameugua kwa mapenzi ya Mungu, usitafute mchawi kwenye dramu." Nilimtazama. Kwenye masharubu yake unga wa kijivu ulikuwa umeganda na mchuzi. Mwezi mmoja nyuma ningesema maneno hayohayo, na masharubu yangu yangekuwa vilevile.

Nikaanza kukusanya vipande nilivyogawa. Hiyo ndiyo kazi ya aibu kuliko zote nilizofanya. Unapiga hodi kwa mwanamke wa watu, unasema naomba lile jiwe la visigino nililokupa. Wengine walidhani nimefilisika utu kiasi cha kudai zawadi. Rudewa nilimkuta mama mkwe amekaa kwenye mkeka. Nilimwamkia kwa heshima zote, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na vile vipande. Kimoja kilikuwa kimelika katikati kama tandiko la baiskeli.

"Hiki nimekitumia mpaka mwaka huu," akasema. "Nilikuwa nawaambia watu, mkwe wangu ananijali."

"Nisamehe, mama."

"Ulijua?"

"Sikujua."

"Basi nikusamehe nini?" Akanikabidhi, lakini hakunitazama. Niliondoka nikiwa nimevishika kwa mfuko wa nailoni, na mkono ule sikutaka kuugusisha na nguo yangu. Bwana afya alinielekeza: nivilowanishe, nivifunge mifuko miwili, nichimbe shimo refu mbali na maji. Nikafanya hivyo. Nilichimba mpaka nikazama kifuani, na bado nikaona shimo halitoshi.

Mke wangu aliishi miezi saba baada ya hapo. Watoto walitoka Morogoro na Dar kuja kuuguza kwa zamu. Mwishoni alilala amekaa, ameegemea mito, kwa sababu akilala chali anazama. Hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Siku moja nilimwambia anitukane walau kidogo. Akasema, "Baba watoto, nikivuta pumzi ya kukutukana nitakosa ya kuombea maji. Niletee maji." Nikamletea.

Tulimzika Rudewa, kwa wazazi wake, kama alivyotaka. Mafundi wa Mikumi walikuja wote kwa lori moja, na Mungu awalipe kwa hilo. Lakini walikuwa wametoka kazini moja kwa moja. Waliposhuka, wakaja wananikumbatia mmoja mmoja na ovaroli zao, na vumbi likanipanda puani. Mmoja akamwinua mjukuu wangu wa miaka miwili, akamlaza begani. Nikapiga kelele. Nilimpokonya mtoto mbele ya waombolezaji, nikawaambia watoke wakanawe, wavue nguo zile, wasizikung'ute hapo. Watu wakanishika. Nikasikia mtu akisema msiba umenichanganya akili. Yule aliyejipiga kifua ndiye aliyesema, "Twendeni," akawaongoza mpaka bombani. Alirudi amefunga shuka la kuazima, miguu wazi, akakaa karibu nami.

Sasa hivi gerejini kwangu hapapulizwi. Dramu tunaimwagia maji yenye sabuni polepole, tunaipangusa kwa tambara bichi, na tambara linaenda kwenye mfuko likiwa bichi. Nguo za kazi zinabaki kazini. Madereva wananuna kwamba nachelewesha, wengine wanahamia gereji ya jirani ambako kompresa inavuma kutwa. Wawili watatu wameiga. Wengi hawajaiga, na kila nikipita na kuliona lile wingu, kinyaa kinanipanda upya, na kinanipanda dhidi ya nafsi yangu kwanza.

Mwanangu wa kike aliniandama mpaka nikaenda kupigwa picha ya kifua. Daktari ni yuleyule binti. Aliinua picha kwenye mwanga, akaitazama kwa muda, akaniambia mapafu yangu yako safi, kwa sasa, nirudi baada ya mwaka. Alitabasamu, akingoja nishukuru. Nilimshukuru. Nilitoka nje, mwanangu akanirukia shingoni kwa furaha, analia na kucheka. Nikamwacha afurahi. Mimi niliyelila vumbi lenyewe na wali, natembea, napumua, nina hamu ya kula. Nikamwomba tukae kidogo kwenye benchi la nje, na nilikaa pale muda mrefu nikiwa nimefumba mdomo, navuta hewa kwa pua, na kuichukia.