Kengele ya Kapita

Kumepambazuka juu ya kijiji cha Ngungu, na ukungu bado umekaa migombani. Anastasie Nyiraneza anafungua mlango wa nyumba yake. Hatazami mvua wala shamba. Anatazama miguuni.

Mbwa yupo. Amejikunja kizingitini. Anainuka, ananusa tumbo la mama huyo juu ya kitenge, kisha analala tena. Anastasie anashusha pumzi.

"Kama Kapita iko hapa, na mutoto iko," anasema, akimwonyesha mbwa. "Siku sitamukuta kwa mulango, musiniulize kitu."

Mimba hii ni ya tatu. Nyumbani hakuna mtoto hata mmoja.

Anastasie ni mlinzi wa mashamba. Majirani zake wanalima maharage na mihogo hadi ukingoni mwa msitu unaoshuka kuelekea Walikale, na humo ndimo wanamotoka kima mchana na nguruwe mwitu jioni. Kazi yake ni kuzunguka, kupiga debe na kumtuma mbwa. Mavuno yakifika, kila jirani humpa kikapu cha maharage, isipokuwa wale wenye mkono wa birika, ambao anawajua kwa majina na anacheka akiwataja. Tangu vurugu za miaka hii ya karibuni ziwakimbize watu wengi, mashamba yao yameota vichaka na nguruwe wamejiona wenyeji.

Mbwa alipewa jina la Kapita, yaani msimamizi wa vibarua, kwa sababu tangu akiwa mdogo alipenda kutembea nyuma ya watu wanaolima kana kwamba atawakata mshahara. Ni mbwa wa kuwinda wa huku, mwenye rangi ya udongo, asiyejua kubweka. Ndiyo maana huvalishwa shingoni kengele ya mti, ambayo mlio wake hufika mbali kuliko sauti ya mtu. Wakati wa kuingia msituni kengele huzibwa kwa majani ili mnyama asisikie. Mawindo yakianza, majani hutolewa na wanaume hufuata mlio. Mlio ukikimbia, mnyama anakimbia. Mlio ukikwama mahali pamoja, mnyama amezingirwa, na kila mwenye mkuki hutimua mbio.

Safari hii Kapita aliijua mimba kabla ya mwenye mimba. Aliacha kufukuza kima, akawa hambanduki Anastasie. Akienda kuteka maji, yupo. Akienda kanisani, analala nje mpaka misa iishe. Mumewe, Faustin Sebahire, akikaa karibu na mkewe, mbwa hujipenyeza katikati na kumwonyesha meno. Faustin hutania kwamba siku hizi anaomba ruhusa kwa mbwa ili amsalimu mke wake.

Lakini mimba ya pili nayo ilikuwa hivyo hivyo. Kapita alimganda kwa miezi, kisha asubuhi moja akanyanyuka na kwenda zake kufukuza kima kama zamani. Anastasie alifurahi, akadhani mnyama amechoka kumfuata. Haukupita muda akagundua kwamba mtoto hachezi tena tumboni. Alizaliwa amekufa.

Tangu hapo anaishi kwa hofu, na haoni haya kulisema hilo. Akiwa anapika, mkono mmoja uko kwenye mwiko na jicho liko kwa mbwa. Kapita akijinyoosha tu, mwiko unasimama.

Mama mkwe wake, Françoise Mukashema, naye ana hofu, ila ya upande wa pili. Kwake yeye, mbwa hakukiona kifo kikija, alikileta. Aliuliza kitu kinachonusa tumbo kila asubuhi kinatafuta nini. Alitaka Kapita apelekwe Walikale kwa Athanase, mdogo wake Faustin, ambaye ni mwindaji. Faustin, asiyependa kumuudhi mama wala mke, alimwahidi kila mmoja alichotaka kusikia. Kila kengele ilipolia mlangoni, bibi huyo alifanya ishara ya msalaba.

Anastasie akaona dawa ni moja tu. Aliiziba kengele kwa majani, ili mama mkwe asiisikie na amsahau mbwa.

Kosa hilo nusura limponze. Juma lililopita alikuwa peke yake katika shamba la chini kabisa. Aliteleza kwenye matope, akaanguka vibaya, akashindwa kuinuka. Damu ikaanza kutoka. Aliita mpaka sauti ikamkauka, lakini nyumba ziko mbali. Kapita alimzunguka na kumzunguka, kimya, kengele yake imejaa majani.

Anasema damu ilimtisha, lakini kuna kilichomtisha zaidi.

"Nilikuwa namuangalia macho," anasimulia. "Nikamwambia, Kapita, usiende. Kama unaenda, nitajua yote imeisha."

Hakwenda. Anastasie alimvuta shingo, akachokoa majani kwa vidole mpaka yakatoka. Mbwa akaendelea kuzunguka, na kengele ikalia mahali pamoja.

Huko juu wanaume walisikia na kuelewa walivyozoea kuelewa. Faustin alichukua mkuki. Majirani wakafuata na mapanga, na mmoja wao, Mbonigaba, akabeba kikapu cha kutilia nyama. Mama mkwe alikoka moto. Waliteremka kwa vifijo, na katika ukungu Faustin akaona kitu cheusi kinagaagaa chini. Mkono ulikuwa umeshainuka Kapita aliporuka mbele yake na kumtolea meno, kama anavyofanya nyumbani.

"Nilikuja kuua nguruwe," Faustin anasema, na hamtazami mtu. "Ni yale meno njo yalinisimamisha. Nilikuta ni muke wangu."

Walimbeba kwa tipoyi, machela ya miti, hadi zahanati ya misheni. Muuguzi alisimamisha tumboni kipembe cha kusikilizia mimba, akaweka sikio, akasikiliza kwa muda mrefu, akasema moyo wa mtoto unapiga. Damu ilikoma. Alimwamuru apumzike, na zaidi ya hapo hakuahidi kitu.

Sasa majirani wanajilindia wenyewe, na kima wananeemeka. Anastasie anapanga kurudi kazini akiwa na mtoto mgongoni. Uchungu ukimwanza akiwa peke yake, hatapoteza nguvu kwa kuita. Atamweka Kapita karibu, kengele ilie mahali pamoja, na mlima mzima utajua.

Mama mkwe anaingia uani na uji. Tangu siku ile hajaitaja Walikale, ingawa msalaba bado anaufanya. Anainama mlangoni kwa shida, anatia kidole ndani ya kengele kuhakikisha haina majani, anaitikisa. Inalia.

"Ukae hapa," anamwambia mbwa. "Hata mimi nikikufukuza, ukae hapa."